Semina ya Elimu-viumbe na Siku ya Kijiji: Swali Litoke Wapi?

Neno "semina" limezoeleka mno katika vyuo vya ualimu hata limepoteza makali yake. Mwanachuo akiambiwa kwamba Ijumaa saa nane kutakuwa na semina ya Elimu-viumbe, ajuacho ni kwamba mwenzake mmoja atasimama mbele, atasoma kurasa sita alizozinakili kutoka vitabu viwili, wenzake watapiga makofi, mkufunzi atasahihisha jambo moja au mawili, na wote watatawanyika. Hiyo si semina. Ni mhadhara unaotolewa na mtu asiyeyajua vema anayoyasema, na hasara yake ni maradufu, kwani hata ile faida ya kumsikiliza mkufunzi imekosekana.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi idara yetu ilivyojaribu kuiponya semina ya namna hiyo kwa kuiunganisha na jambo jingine ambalo nalo lilikuwa gonjwa, yaani siku ya kijiji, siku ambayo idara hukutana na wananchi wanaoishi jirani na chuo. Mfano tutakaoutumia ni mmoja tu, maradhi ya kichocho. Tumeuchagua kwa sababu chuo chetu kiko Kanda ya Ziwa, katikati ya majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe, na kwa sababu mfano huu ndio uliotuaibisha. Twawaandikia walimu-wanafunzi watakaofundisha shule za msingi, ambako huenda kusiwe na idara wala maabara, lakini lambo litakuwapo.

Siku tuliyoshindwa

Mara ya kwanza tulipowaalika wanakijiji tulijiandaa mwezi mzima. Wanachuo walichora mabango makubwa ya mzunguko wa maisha ya minyoo ya kichocho, yenye mishale myekundu na majina ya Kilatini, wakayahifadhi maelezo yake kichwani neno kwa neno. Wageni walipofika tuliwaketisha kwenye mabenchi chini ya miembe ya chuo, tukawahutubia. Msiingie lamboni. Msikojoe majini. Jengeni vyoo. Chemsheni maji. Kila mwanachuo alisema kwa ufasaha, na kila mmoja alirudia kwa maneno mengine yale aliyokwisha kuyasema mwenziwe.

Mwishoni mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna swali. Akasimama mama mmoja, mtoto mgongoni, akasema kwa utulivu: "Wanangu, tumewasikia. Maji ya lambo yana wadudu. Bomba la kijiji limekauka tangu mwaka juzi. Sasa mimi kesho asubuhi nikachote wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mwanachuo aliyekuwa zamu alilitazama bango kana kwamba jibu limeandikwa pale, kisha akatutazama sisi wakufunzi. Nasi, twakiri, tuliinamisha vichwa. Mwishowe mmoja wetu akasema kwamba suala la maji litafikishwa kwa wahusika. Mama akashukuru kwa adabu, akaketi. Watu wakaanza kuondoka kabla ya soda kugawiwa.

Jioni ile baadhi yetu walisema kwamba swali lile halikuwa la Elimu-viumbe. Lilikuwa la serikali na la mafundi wa maji. Wazo hilo lilitupendeza kwa muda, maana lilitutua mzigo. Lakini tulipolitafakari tuliona si kweli. Elimu-viumbe ilikuwa na sehemu kubwa ya jibu, na sehemu hiyo ilikuwa imechorwa kwenye bango letu wenyewe. Kiluwiluwi atokaye kwa konokono na kumwingia mtu, ambaye wataalamu humwita sekaria, hali chochote. Huishi kwa akiba aliyotoka nayo, na asipopata ngozi ya kupenya, hufa katika muda wa siku moja au mbili. Kwa hiyo maji yaliyochotwa, yakatolewa konokono, yakawekwa katika chombo chenye kifuniko kwa siku mbili kamili, yanafaa kwa kuogea na kufulia bila hofu ya kichocho. Kwa kunywa bado yachemshwe, kwa kuwa yana maradhi mengine yasiyokufa kwa kungoja.

Hayo ndiyo mama yule aliyostahili kuambiwa. Tulikuwa nayo, lakini hatukujua kama tunayo, kwa sababu tulijifunza mzunguko ule kama orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, wala hatukupata kuuliza ni mahali gani mzunguko wenyewe ni dhaifu.

Semina ianze na swali

Badiliko la kwanza tulilofanya lilikuwa katika ubao wa matangazo. Zamani uliandikwa: "Semina: Kichocho." Sasa huandikwa hivi: "Kwa nini mtoto aliyemeza dawa mwezi wa Machi anakojoa damu tena mwezi wa Desemba?" Mada ya kwanza yaweza kunakiliwa kitabuni kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ya pili si rahisi kuinakili, kwa kuwa mtoa mada hana budi kukusanya vipande vya jibu kutoka mahali mbalimbali na kuviunga mwenyewe. Lazima ajue kwamba dawa iitwayo prazikwanteli, ambayo kwa kawaida humezwa kwa mara moja kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, huua minyoo iliyokomaa lakini ina nguvu kidogo tu juu ya ile michanga. Lazima ajue pia kwamba dawa hiyo haimkingi mtoto asiambukizwe upya, na kwamba minyoo mipya ikisha kuingia mwilini huhitaji miezi miwili hadi mitatu hivi kukomaa na kutaga. Akiyaweka hayo pamoja, na akakumbuka kwamba mtoto yule aliendelea kuoga katika lambo lilelile, jibu hupatikana. Na zaidi ya jibu, mwanachuo hupata la kumwambia mzazi atakayesema kwamba dawa za shuleni ni bure tu kwa kuwa mwanawe ameugua tena.

Badiliko la pili lilihusu idadi na kazi za watu. Semina yetu ina wanachuo 12, si darasa zima, nayo huchukua vipindi viwili, yaani dakika 80. Mtoa mada hupewa dakika 15 tu. Pamoja naye yuko mwandishi, na yuko msaili, ambaye kazi yake ni kuuliza swali moja kila inapofaa: "Umejuaje?" Mkufunzi huketi pembeni na haruhusiwi kusema neno katika nusu saa ya kwanza. Sheria hii ya mwisho tulijiwekea sisi wenyewe, nayo ndiyo iliyotushinda kuitii kuliko zote.

Swali la msaili lina maana kubwa kuliko lionekanavyo. Mtoa mada akisema kwamba konokono ndiye abebaye kichocho, na msaili akamwuliza amejuaje, jibu la "kitabuni" halitoshi. Aeleze aliyeandika kitabu alijuaje. Hapo ndipo historia inapotumika. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi mjini Cairo, aliiona minyoo hii ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Tangu hapo minyoo ilijulikana, lakini njia yake ya kuingia mwilini haikujulikana. Kwa zaidi ya miaka 60 wataalamu walibishana; wapo walioshikilia kwamba hakuna kiumbe cha kati, kwamba kiluwiluwi aanguliwaye katika yai humwingia mtu mwingine moja kwa moja. Ni mwaka 1915 ndipo Robert Leiper alipofanya uchunguzi wake huko Misri, akaonyesha kwamba konokono wa maji baridi ndio wabebaji, na kwamba kichocho cha kibofu na kichocho cha tumbo kila kimoja kina jamii yake ya konokono. Mwanachuo akitambua kwamba watu wenye hadubini na maktaba walikosea muda wote huo, hatakuwa mwepesi wa kumcheka mzee wa kijiji anayedhani kichocho hutokana na kukojoa juu ya mchanga wenye joto.

Konokono mezani, na hatari yake

Badiliko la tatu ni kwamba kiumbe kinachojadiliwa hakina budi kuwapo mezani. Hapa twaomba msomaji asome polepole.

Walimu-wanafunzi hufundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, na ni kweli. Lakini tumepata kumwona mwalimu-mwanafunzi katika mazoezi ya kufundisha akiwapeleka watoto wa Darasa la V lamboni. Walivua viatu, wakaingia majini hadi magotini, saa sita ya mchana, wakaokota konokono kwa mikono ili wajifunze jinsi kichocho kinavyoambukizwa. Maandalio yake ya somo yalikuwa nadhifu, shabaha iko wazi, zana zimetajwa zote. Lakini saa sita ndiyo saa mbaya kuliko zote, maana sekaria wa kichocho cha watu hutoka kwa konokono kwa wingi wakati wa jua kali, nao huhitaji dakika chache tu kuipenya ngozi. Tulilisimamisha somo lile, tukawapangusa watoto miguu kwa nguvu kwa khanga na taulo, na siku ileile tukaenda kuzungumza na mwalimu mkuu na mganga wa zahanati. Mwalimu-mwanafunzi alilia. Hatukumlaumu sana, kwa sababu katika masomo yetu yote hatukuwa tumemwonya.

Ndiyo maana konokono wa semina zetu huzaliwa chuoni. Mkufunzi huenda lamboni asubuhi na mapema, amevaa mabuti marefu ya mpira na glavu ndefu, akatumia chujio lililofungwa kwenye mti mrefu bila ya kuingia majini. Hatafuti konokono, hutafuta mayai yao, ambayo hukaa mafungu mafungu ndani ya ute uliogandamana na upande wa chini wa majani. Majani hayo huwekwa katika chombo cha maji safi ya mvua, kwa kuwa maji ya bomba yaliyotiwa klorini huweza kuwaua, na kwa siku mbili za kwanza hakuna agusaye maji hayo kwa mikono mitupu, kwa sababu ileile iliyotushinda kumweleza mama. Baada ya wiki moja na ushei konokono wadogo huanguliwa.

Konokono hawa hawana kichocho. Maambukizo hayarithiwi katika yai la konokono; kila konokono huambukizwa peke yake, na kiluwiluwi aliyeanguliwa katika yai la mnyoo lililoletwa majini na mkojo au kinyesi cha mtu. Maana yake ni nzito: katika lambo ambalo hakuna mgonjwa anayelichafua, konokono ni konokono tu. Tumepata kuitumia semina nzima kwa jambo hilo moja, na hatukujuta.

Kwa dakika 20 za mwanzo wanachuo hawafungui kitabu. Humtazama konokono kwa lenzi ya mkono, wakachora wanachokiona. Wa jamii ya Bulinus, abebaye kichocho cha kibofu, ukimweka ncha ya ganda juu na mdomo wa ganda ukikuelekea, mdomo huo huwa upande wako wa kushoto. Katika konokono walio wengi huwa kulia. Hana kifuniko cha kuzibia mlango. Mwanachuo asiyeangalia kwa makini humchanganya na konokono mwingine mkubwa wa malambo ambaye mdomo wake pia uko kushoto, lakini huyo huziba mlango wake kwa kifuniko, wala hahusiki na maradhi haya. Wa jamii ya Biomphalaria, abebaye kichocho cha tumbo, ganda lake ni bapa, limejizungusha kama ngata ya kubebea ndoo kichwani. Wote wawili hupanda juu kuvuta hewa, jambo ambalo wanachuo huliona wenyewe wakitulia.

Muhula mmoja tulimtenga konokono mchanga peke yake katika glasi. Alipokua alitaga, na mayai yakaangua. Wanachuo walibisha, wakadhani kuna aliyetia mwenziwe usiku. Tukarudia, tukaifunga glasi kwa kitambaa na kutia sahihi zetu juu yake, ikawa vilevile. Konokono hawa wana via vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, na mmoja aweza kujitungisha akikosa mwenzi. Kimya kikapita, kisha mwanachuo mmoja akasema: "Basi kuwaokota lamboni ni kazi bure, akibaki mmoja, wamerudi wote." Mkufunzi hakuwa amesema neno.

Lambo likikauka je? Wengi hudhani kiangazi humaliza kazi. Katika nchi ya Usukuma kuna Bulinus aishiye katika mabwawa ya msimu ambaye maji yanapokwisha hujifukia topeni, akangoja huko kwa miezi hadi mvua inyeshe. Hivyo wiki chache baada ya maji kurudi, konokono wamekuwapo tena.

Kwenda kijijini mara ya pili

Taifa letu limepata kuwa na mfano mkubwa wa kuelimisha watu wazima juu ya afya. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliendeshwa kwa majuma 12, na watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kujisomea. Kila kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma kitabu kilichoandikwa kwa lugha rahisi, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha kisima. Kwetu sisi jambo la maana katika kampeni ile ni mpango wa kikundi. Watu waliketi duara, na mazungumzo hayakuhesabiwa kuwa yamekwisha mpaka kazi ya mikono iwe imeamuliwa. Siku yetu ya kwanza ya kijiji ilikuwa na mabenchi yaliyopangwa kama kanisani.

Safari ya pili tulikwenda sisi, hatukuwaita waje. Tulimwona kwanza Mwenyekiti wa Kijiji na Afisa Mtendaji, tukauliza siku isiyo ya mnada wala ya kupandikiza mpunga. Tulimwomba mganga wa zahanati awepo. Jambo hili msilidharau, kwa sababu idara ya Elimu-viumbe si hospitali. Hatupimi mkojo wa mtu yeyote, hatugawi dawa, na mayai ya minyoo tunayoonyesha katika hadubini ni ya vioo vilivyotayarishwa zamani. Anayetaka kupimwa huelekezwa kwa mganga aliye palepale.

Wanachuo walikwenda wawili wawili, kila wawili na duara la watu wasiozidi 15. Kazi yao ya kwanza haikuwa kueleza, ilikuwa kuuliza: maji mnachota wapi, nani huchota, saa ngapi, watoto huogelea upande gani. Akina mama walichora ramani ya lambo ardhini kwa kijiti. Walijua konokono wako upande gani, penye maji yaliyotulia na majani mengi. Walijua kwamba mvua kubwa ikipita huonekana wachache, kisha huongezeka. Hatukuwa na kitabu chenye ramani ya lambo lile.

Penye hadubini palikuwa na foleni, kwa kuwa tuna moja tu ya kubeba. Mzee mmoja aliangalia, akainuka, akaangalia chini ya meza. "Mwalimu," akamwambia mwanachuo aliyekuwa zamu, "mnyama huyu yuko majini, au yuko ndani ya chombo chenu?" Watu wakacheka, lakini lilikuwa swali la msaili hasa. Yule mwanachuo, binti wa mwaka wa kwanza, hakubisha. "Shikamoo babu," akasema, "naomba unipe kitu chochote chako mwenyewe." Mzee akang'oa unywele mmoja wa ndevu. Ukawekwa chini ya lenzi, naye akauona mnene kama kamba ya kufungia ndama. Kisha akaletewa bawa la nzi aliyemwua mwenyewe. Baada ya hapo ndipo akaonyeshwa yai la mnyoo, na mwiba wake mkali uliochongoka mwishoni, ambao husaidia kueleza kwa nini mayai hayo hujeruhi kibofu na kutoa damu. Tangu siku hiyo, popote tunapopeleka hadubini, kitu cha kwanza kutazamwa ni kile alicholeta mtazamaji.

Mama wa swali la kwanza alikuwapo. Wanachuo walimweleza habari ya siku mbili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nina ndoo mbili. Maji yakikaa siku mbili, siku hizo mbili watoto waoge nini?" Safari hii hakuna aliyetazama bango. Wakaketi naye wakapiga hesabu kwa vijiti vitatu. Chombo cha kwanza kijazwe leo na kutumiwa keshokutwa. Cha pili kijazwe kesho. Cha tatu keshokutwa, siku ile kile cha kwanza kinapotumiwa. Kisha kila kilichokwisha hujazwa tena asubuhi ifuatayo. Vyombo vitatu vyatosha, kila kimoja kikiwa na maji ya siku moja. Jirani yake akasema ana mtungi wa marehemu mama mkwe wake, haujavunjika, uko nyuma ya ghala. Mambo yakamalizikia hapo.

Makosa hayakukosekana. Mwanachuo mmoja, kwa bidii, aliwaambia watu kwamba maji ya alfajiri hayana kichocho. Si kweli. Alfajiri sekaria huwa wachache, na kuchota saa hiyo huku mtu amesimama juu ya jiwe, si majini, hupunguza hatari. Lakini kupunguza si kuondoa. Tulimwomba asahihishe mwenyewe mbele ya duara lake, naye akafanya hivyo. Twaamini wanakijiji walimheshimu zaidi.

Duara moja lilikuwa la wanawake peke yao, likiongozwa na wanachuo wa kike. Mayai ya kichocho cha kibofu huweza kukwama pia katika via vya uzazi vya mwanamke, yakaleta maumivu na kutokwa damu, na mwenye dalili hizo mara nyingi hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa zinaa. Yaliyosemwa katika duara lile hatukuyauliza. Tulichoambiwa ni kwamba kesho yake mganga alikuwa na wageni wengi kuliko kawaida.

Katika darasa la shule ya msingi

Mwalimu wa shule ya msingi hana haja ya hadubini ili alifundishe somo hili. Chora duara kubwa la chaki sakafuni. Watoto wanne wasimame juu yake, kila mmoja na kadi: mtu, yai majini, konokono, sekaria majini. Wape kamba moja ndefu waishike wote, kisha uliza darasa: tukate wapi? Mmoja atasema kwenye yai, kwa choo. Mwingine atasema kwa mtu, kwa dawa. Mwingine kwenye sekaria, kwa maji yaliyokaa. Kila anayetaja aeleze kwa nini, na kila mara uliza kama sehemu nyingine zikibaki nzima mzunguko hautaungana tena. Majina ya Kilatini yaacheni chuoni.

Onyo moja zaidi. Usiwaambie watoto wanyoshe mikono anayekojoa damu. Katika sehemu nyingi za Afrika damu hiyo imepata kudhaniwa kuwa dalili ya mvulana kubalehe, na mahali pengine ni aibu kubwa. Kwa vyovyote vile mkono ulionyoshwa darasani hufuata mtoto hadi uwanja wa michezo. Waambie wote kwamba ni ugonjwa unaotibika, na kwamba atakayeona dalili aje kwako faraghani au amwambie mzazi.

Daftari

Kila siku ya kijiji mwandishi wa kila duara huandika maswali yote yaliyoulizwa, pamoja na yale yaliyojibiwa vibaya. Daftari hilo huwekwa idarani, na mada za semina za muhula unaofuata hutoka humo. Hapo mwanzo tulidhani yatakuwa maswali mepesi. Mengine yametushinda kwa mihula miwili. Kijana mmoja aliuliza kama bata wakifugwa lamboni wataweza kuwamaliza konokono. Bata hula konokono, hilo twajua. Lakini kumbukeni yule konokono wa glasi. Mwanachuo aliyepewa swali hilo bado anafuga bata.

Swali la mwisho katika ukurasa wa mwisho ni la mzee yuleyule wa unywele wa ndevu. Aliuliza hivi: "Ng'ombe wetu hunywa humohumo, na husimama humo mchana kutwa. Wao hawaugui?" Wanachuo wawili walijibu upesi kwamba kichocho ni cha watu. Walikosea. Ng'ombe wana kichocho chao, kinachotokana na minyoo ya aina nyingine katika jamii ileile, nao pia hubebwa na konokono wa Bulinus. Semina ya kwanza ya muhula ujao itaanza na swali la mzee, watoa mada wamekwisha kuchaguliwa, na afisa mifugo ameahidi kuja.